Nukta ya Nne

Debra Njuguna alikuwa mtu wa namba, na ukitaka kumpandisha hasira mwambie "kama hapo hivi". Kazi yake ilikuwa kupima macho na kukata lenzi katika duka moja la miwani Moi Avenue, ghorofa ya kwanza. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amewaona watu wakipanda zile ngazi wakipapasa ukuta na kushuka wakisoma mabango ya ng'ambo ya barabara, yote kwa sababu ya robo ya namba. Sasa hebu mwambie mtu wa namna hiyo kwamba breki za gari zinaweza kufungwa kwa kukisia.

Mungai, fundi wao wa Waithaka, alithubutu.

"Debra, skiza. Hii gari ni ya kitambo, hakuna mtu ako na vipimo zake. Tuweke breki za Probox, nichonge kidogo ziingie, maisha iendelee."

"Kidogo ni ngapi?"

"Kidogo ni kidogo."

"Mungai, nakuuliza, kidogo ni milimita ngapi?"

Mungai alijikuna kisogo kwa spana. Alikuwa fundi mzuri, huyu, tusimwonee. Injini iliyoshikana kwa kutu aliifungua mwenyewe, akaisafisha, na siku ilipowaka walicheza densi uani mpaka kuku wakahama. Lakini mambo ya kuandika andika hakuyataka kabisa.

Gari lenyewe lilikuwa Peugeot 404 la mwaka wa sitini na tano, rangi ya maziwa, mali ya marehemu baba yake Debra, Jamleck Njuguna. Kwa miaka miwili, kila Jumamosi, Debra alitoka kwake Uthiru akaenda kwa mama yake Waithaka kulifufua. Bodi ilikuwa tayari. Viti tayari. Taa zinawaka zote, hata ile ndogo ya ndani. Zilibaki breki tu, na breki ndizo zilizokuwa na kesi.

Ndiyo, kesi, na ya miaka arobaini na miwili. Mwaka wa themanini na mbili Njuguna alikuwa dereva wa hoteli moja mjini, mtu wa kofia na glavu nyeupe, anayejigamba kwamba tangu apate leseni hajakwaruza hata ua la mtu. Siku moja alikuwa anamrudisha mkewe, Wamucii, nyumbani kwa hili 404 lake. Wakiteremka ule mteremko wa mtoni kati ya Uthiru na Waithaka, gari likakataa kusimama. Likaingia mtaroni. Wamucii akavunjika mguu, na mguu huo haujapona vizuri hadi leo. Njuguna akasema breki zilizama, alikanyaga mpaka sakafuni na hakukuwa na kitu. Polisi wakasema ni mwendo wa kasi. Hoteli ikamfuta. Na mkewe, hapo ndipo palipomuumiza hasa, mkewe akasema ni maringo, alikuwa anamwonyesha ubingwa wake kwenye mteremko.

Njuguna hakuendesha gari tena. Debra alizaliwa miaka miwili baadaye na hakuwahi kumwona baba yake akishika usukani. Alichomwona akifanya ni kukaa kwenye stuli nyuma ya nyumba, akilitazama lile gari linavyooza, na kusema bila mtu kumuuliza, "Mimi nilikanyaga." Alisema hivyo mpaka alipokufa, na hakuna aliyemwamini.

Mama Wamucii, sasa miaka sabini na sita, hakukataza gari litengenezwe. Kulipanda ndiko alikokataa. Na Jumapili, baada ya kanisa, bado ameshika Biblia, alitoa hukumu.

"Ukiniletea karatasi imeandikwa vipimo, na breki ziwe vile karatasi inasema, nitaingia. Usiniambie iko sawa tu. Baba yako pia aliniambia iko sawa tu. Na kama hakuna karatasi mpaka Jumamosi, nimeshaongea na yule mtu wa vyuma chakavu. Sitazika mtu mwingine kwa sababu ya hiyo takataka."

"Mami, hakuna mtu alikufa kwa hiyo ajali!"

"Baba yako alikuwa hai?"

Debra akatoa simu.

Basi akaanza kusaka. Mtandaoni alipata vipimo vitatu. Mfaransa mmoja alisema hivi, Mwaustralia akasema vile, na mtu wa tatu, ambaye hakujitaja, akawatukana wote wawili. Kumbe breki za magari hayo zilibadilishwa mara kadhaa, mwaka hadi mwaka, na kila mmoja alikuwa akisimulia gari lake. Jumatatu ikapita. Jumanne ikapita. Jumatano Mungai alimfungulia dramu moja ya mbele, kile chuma cha mviringo kama sufuria ambacho viatu vya breki hukibana kutoka ndani, akamwambia, "Zungukia nayo maduka ya spea Kirinyaga Road, labda utapata mzee anaijua." Alimwambia hivyo ili apumzike na maswali yake. Debra akaitia dramu kwenye kiondo cha mama yake na Alhamisi akashuka nayo mjini.

Saa nne asubuhi alimwachia mwenzake Nanyama wateja, akachapa mguu hadi Kirinyaga Road huku kiondo kikimkata bega. Duka la kwanza walimwuliza kama hiyo ni sufuria ya githeri. La pili walimwuliza kama anauza. La tatu kijana alitoa simu, akaipiga dramu picha, akamwambia, "Madam, hii iko na miaka mingi kuliko mimi, babangu na hii duka," kisha akamkaribisha anunue wiper. Jua lilikuwa limepanda. Debra alianza kumwona yule mtu wa vyuma chakavu akiingia uani Jumamosi na lori lake, na machozi ya hasira yakamkaribia.

Duka la nne lilikuwa jembamba na refu, rafu mpaka darini, na nyuma ya kaunta alikaa Moiz, mtu wa miaka hamsini na ushee, penseli sikioni, aliyerithi duka kwa baba yake. Yeye hakucheka. Aliivuta dramu karibu na taa, akaigeuza, akafuta ukingo wake kwa kidole gumba, akafuta tena.

"Hii umetoa wapi?"

"Ni ya gari ya marehemu baba."

"Unaona hizi nukta hapa kwa ukingo? Unajua ni mkono wa nani huu?" Sauti yake ilikuwa imepanda. "Mohinder Singh! Alikuwa na karakana hapa nyuma tu, mahali wamejenga hiyo ghorofa ya kuuza simu. Kila akichonga dramu kwa mashine anapiga nukta moja. Mjini mzima hakuna mwingine alifanya hivyo. Na vipimo, ai! Kila gari iliingia kwake aliandika kwa daftari. Baba yangu alikuwa anamwita Maktaba."

Debra alishika kaunta. "Ako hai?"

"Sana! Ako Kilimani kwa kijana yake, anasumbua mafundi wa lifti. Ngoja nikupe namba ya nyumba."

Kidogo Debra amrukie Moiz ambusu hapo hapo mbele ya wateja. Alitoka dukani mbio, kiondo begani, na uzito wa chuma kile haukusikika tena. Aliita teksi kwa simu na njia nzima mpaka Kilimani alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti akimhimiza dereva kwa macho.

Getini mlinzi alifungua kiondo na uso ukambadilika.

"Mama, hii ni nini?"

"Breki."

"Unapelekea mtu breki ghorofa ya kumi?"

Ikabidi apige simu juu. "Kuna mama hapa ako na chuma ndani ya kiondo," akasema kwa tahadhari, na hapo Debra akasikia sauti ya mzee ikinguruma kutoka kwenye kipokezi, "Chuma gani? Mbona unamsimamisha? Lete! Lete haraka!"

Mlango ulifunguliwa na Jasleen, mjukuu wa mzee, msichana wa chuo, na nyuma yake alisimama Mohinder mwenyewe. Alikuwa na miaka themanini na minne, ndevu nyeupe, kilemba kidogo cha nyumbani, na mikono mikubwa isiyolingana na mwili uliobaki.

"Habari ya mchana, mzee. Naitwa Debra, nimetumwa na—"

"Habari baadaye, beti, binti yangu. Toa."

Alikipokea kile chuma kama anayepewa mtoto mchanga. Jasleen akamwita babu yake kwa kelele, "Dadaji, carpet!" na kukimbia kutandika magazeti mezani. Mzee hakusikia.

"Wamenikataza grisi," akamnong'oneza Debra. "Grisi! Mimi nimekula grisi miaka hamsini. Sasa wananipa kitabu ya kupaka rangi, ati ya akili." Akatia mkono chini ya mto wa kochi na kuchomoa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene wa chuma, safi inang'aa. Jasleen akamtazama Debra, akainua mabega, akaenda jikoni kuchemsha chai.

Madaftari yalikuwa ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, kumi na mawili, yamefungwa kwa kamba. Mzee alilichambua la nane na kulifungua bila kubabaika. "Mia nne na nne. Sitini na tatu, hapana. Sitini na nne, hapana. Sitini na tano. Haya, andika!"

Debra aliandika. Upana wa dramu ikitoka kiwandani. Upana wa kiatu cha breki. Unene wa mpira wake. Nafasi inayoachwa kati ya kiatu na dramu. Kikomo cha kuchonga. Kila namba ilikuwa na desimali zake, kila desimali mahali pake. Miaka miwili ya kulifufua gari, siku nne za kukimbizana na Jumamosi, na hii hapa karatasi, mkononi! Angeweza kuamka na kwenda wakati ule ule. Alikuwa ameshaanza kumshukuru mzee.

Lakini Mohinder, kwa mazoea ya mkono tu, alikuwa amerudi kwenye ukingo wa dramu na kuanza kuhesabu.

"Nukta moja ni safari moja kwa mashine," akaeleza, akijisikia. "Mbili, nimechonga mara mbili. Tatu, mwisho. Ya nne hakuna, ya nne ni kutupa. Hii ilikuwa sheria yangu mimi mwenyewe, na kila fundi yangu alijua. Moja... mbili... tatu..."

Kidole kilikuwa bado kinapapasa.

Debra aliinama akaiona. Ya nne ilikuwa pale pale, kando kidogo ya wenzake.

"Labda mtu mwingine aliipiga," akasema.

Mzee alichukua kioo cha kukuzia na kutazama kwa muda mrefu. "Hapana. Ponchi yangu, ile ya kupigia nukta, ilikuwa imekatika ncha, kila nukta inatoka na mkia. Angalia wewe, wewe ni mtu wa macho. Zote nne ziko na mkia."

Zilikuwa na mkia. Wakapima. Kikomo kilisema dramu isizidi milimita moja juu ya upana wake wa kiwandani. Hii ilizidi karibu mbili. Debra aliichukua kalipa akapima mwenyewe, mara tatu, sehemu tatu, kama anavyopima lenzi. Namba haikubadilika.

"Gari namba ngapi?" mzee akauliza, sauti imeshuka. Debra akamtajia. Mzee akafungua kurasa za nyuma za daftari, alikoandika kazi na wenye kazi, akateremka na kidole mpaka kikasimama. "Februari, themanini na mbili. Njuguna, dereva wa hoteli. Huyo baba yako? Mtu mrefu, glavu nyeupe? Nilimpenda sana huyo. Hakurudi tena, nikafikiri amepata fundi mwingine. Nini ilifanyika na hii gari?"

Debra akamweleza. Machi ya mwaka ule. Mteremko. Mtaro. Mguu wa mama yake. Alieleza mpaka kwenye stuli.

Mohinder Singh alikaa chini. Chai ilikuja, hakuigusa.

"Mwaka ile dramu mpya hakuna," akasema hatimaye. "Duka zote hakuna, kila mtu anangoja meli. Nilimwambia Njuguna angoje. Halafu nikafikiri, aa, chuma ya Mfaransa ni nzuri, mara moja zaidi si kitu. Nikachonga. Nikapiga nukta, mkono ilipiga yenyewe. Yeye akaniuliza, Singh, ni salama? Mimi, Mohinder, nikamwambia iko sawa tu." Akapitisha mkono usoni. "Chuma nyembamba inashika moto haraka, beti. Ikishika moto inatanuka. Viatu vya breki vinatafuta dramu, havifiki. Unakanyaga, mguu unazama. Wewe uwe dereva bora Kenya mzima, mguu utazama tu."

Mimi nilikanyaga.

Debra alisimama. Hakujua alisimama lini. Alitaka kumzaba mzee yule kofi, na alitaka kumkumbatia, na katikati ya yote hayo furaha kubwa, furaha ya ajabu, ilikuwa inampanda kutoka tumboni kama maziwa yanayofurika.

"Alikanyaga!" akapiga kelele. "Baba alikanyaga! Hakudanganya! Jamani, hakudanganya!" Akawa analia na kucheka kwa pamoja, na Jasleen aliyetoka jikoni mbio akamshika bila kujua amshike kwa kilio au kwa kicheko.

Mzee alingoja mpaka atulie. "Karatasi unayo," akasema. "Ungeenda zako, mimi ningebaki na hii hatia yangu. Lakini mama yako yuko hai?"

"Yuko."

"Jasleen! Kilemba changu ya bluu."

"Dadaji, daktari alisema—"

"Kilemba ya bluu, na viatu."

Akiwa anafunga kilemba mbele ya kioo, alimpigia simu Moiz na kumsomea namba ya kipuri kutoka kwenye daftari, tarakimu moja moja, akamwambia apande rafu za juu kabisa. Walikuwa bado kwenye lifti simu ilipolia. Moiz alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba hakuhitaji simu. "Ziko! Singh, ziko mbili za mbele! Karatasi ya grisi haijafunguliwa! Mzee wangu aliagiza themanini na mbili, zikafika mwaka uliofuata, hakuna mtu alizitaka tena! Naweka kwa boda saa hii, na viatu vyake!" Mohinder alifumba macho pale kwenye lifti akatikisa kichwa. Mwaka mmoja tu. Dramu zile zilichelewa mwaka mmoja tu.

Walimkuta Mama Wamucii barazani akichambua maharagwe, ungo mapajani, mguu mbaya umenyooshwa mbele. Debra alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini Mohinder hakumpa nafasi. Alikataa kiti. Alisimama mbele ya yule mama, na akamweleza kila kitu, meli, mashine, nukta ya nne, na yale maneno aliyomwambia Njuguna. Hakujitetea hata kwa sentensi moja. Alipomaliza alifumbata mikono mbele na kungoja.

Mama Wamucii aliendelea kuchambua maharagwe. Mbovu kushoto, nzima kulia. Kisha mkono ukasimama.

"Alikanyaga?"

"Alikanyaga, mama. Hakuna mtu angeweza kusimamisha hiyo gari."

"Na aliponiambia iko sawa tu..."

"Alikuwa anasema maneno yangu mimi."

Akaweka ungo chini. Macho yalikuwa makavu, na macho hayo yalimtazama Singh kuanzia kilemba hadi viatu.

"Wewe mtu," akasema, "mimi na wewe tutaongea. Leo siwezi, nikianza leo sitamaliza. Kwanza utengeneze hiyo gari."

Akaingia ndani akafunga mlango wa chumba chake, na hakutoka mpaka kesho yake.

Ijumaa ile nyuma ya nyumba palikuwa na kazi na kelele. Dramu za nyuma zilipimwa kwanza, zikakutwa na nukta moja moja tu, bado ndani ya kikomo. Mohinder aliwekewa kiti cha plastiki na mwavuli, daftari gotini, na Mungai akawa chini ya gari. "Nafasi ya kiatu ni ngapi?" mzee anauliza. "Iko kidogo tu, Singh." "Kidogo ni nini? Soma namba! Umepewa kalipa ya nini, ya kukoroga chai?" Mungai alinung'unika, akatukana kimoyomoyo, akapima. Akapima tena. Adhuhuri alikuwa ameshika kasi. Alasiri alitambaa kutoka chini ya gurudumu la nne, uso mweusi kwa masizi, akatangaza kama mtangazaji wa mpira, "Sufuri nukta mbili tano! Zote nne! Mbili tano kamili!" Mohinder akampa mkono, na Mungai akatembea na huo mkono hewani kwa muda, hataki kuufuta.

Jumamosi asubuhi Mama Wamucii alitoka amevaa kitambaa chake cha kanisani na miwani ambayo Debra alimkatia mwenyewe. Alisimama kando ya gari akadai karatasi. Alisoma mstari kwa mstari, na kila mstari akamwuliza Mungai hapa mmefunga ngapi, na Mungai, bila kukwama hata mara moja, akamjibu. Mama alikunja karatasi mara nne na kuitia kifuani.

"Yule wa vyuma nimemwambia asije," akasema. "Singh, ingia nyuma. Kama haisimami, tuingie mtaroni sote."

Singh akaingia nyuma. Mungai akafungua mlango wa mbele, na Mama Wamucii, kwa mara ya kwanza tangu mwaka wa themanini na mbili, akainua ule mguu wake kwa mikono miwili, akauingiza, akaketi.

"Tunaenda wapi, Mami? Sokoni? Kanisani?"

"Unajua tunaenda wapi."

Debra alijua. Wakapita maduka, watu wakageuka kutazama, wakafika pale juu barabara inapoanza kuteremkia mtoni. Alikuwa na namba zote kichwani, alizijua kwa moyo, na bado aliogopa kama mtoto. Akaliachia gari. Likashuka, likashika kasi, miti ikaanza kukimbia pembeni, mama yake ameshika kitasa cha mlango, na katikati ya mteremko, pale pale penye mtaro, Debra akakanyaga.

Kanyagio lilikuwa gumu chini ya mguu wake. Gari likainama mbele kidogo, likasimama tuli, kimya, halikuvuta kulia wala kushoto.

Mama Wamucii aliutazama mtaro. Kisha aligeuka akautazama usukani, na mikono ya binti yake juu ya usukani ule, na akaanza kulia, kwa sauti, kilio ambacho Debra hakukisikia hata siku ya mazishi.

"Njuguna," akasema. "Njuguna, ulikanyaga. Nisamehe. Ulikuwa unaniambia ukweli kila siku ndani ya nyumba yangu, nami nakuita mwongo. Nisamehe, baba Debra."

Nyuma Singh naye alikuwa anavuta kamasi.

"Nyamaza huko nyuma," Mama akamwambia, akijifuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Zamu yako inakuja." Alishusha pumzi ndefu, akajiweka vizuri kitini, akamgeukia Debra. "Haya, rudi juu tuteremke tena. Na usiende hivyo polepole kama mtu amebeba mayai. Baba yako hakuwa anaendesha hivyo. Baba yako alikuwa dereva."